Usafi na Matunzo ya Sauna ya Nyumbani: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara, Nakuru hadi Kisumu

Mimi nilianza kama fundi wa mbao. Siku hizi simu nyingi ninazopokea si za kujengewa sauna mpya. Ni za mtu anayeuliza mbona ile aliyonayo inanuka, imekuwa nyeusi au inakata stima. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyapa nambari na kuyaandika hapa. Majibu mengi yanahusu sauna kavu: chumba cha mbao cha kutoa jasho, chenye jiko la stima na mawe juu yake yanayomwagiwa maji. Ya kuni na ya mvuke nimeyagusa panapohitajika.

## Mambo ya mwanzo

1. Joto la nyuzi 80 si linaua kila kitu? Kuna haja gani ya kusafisha?

Hizo nyuzi 80 ziko kwenye benchi la juu, karibu na kichwa chako. Hewa moto hupanda, na saa hiyo hiyo sakafu ya chumba unaikanyaga kwa miguu mitupu bila kurukaruka. Pale mguu wako unapostarehe, kuvu ya vidole nayo inastarehe.

Halafu joto haliondoi uchafu, linaukausha tu. Jasho likikauka, maji huenda zake, lakini chumvi na mafuta ya ngozi hubaki ndani ya nyuzi za mbao. Ukiwasha tena wiki ijayo yanapata moto upya, na ndipo mtu anafungua mlango na kuuliza nani ameacha soksi humu.

2. Nisafishe mara ngapi?

Kwa familia inayoingia mara mbili kwa wiki: kufuta na kukausha kila baada ya kutumia (swali la 3), kusugua mabenchi na sakafu kwa brashi kila wiki mbili, kupiga msasa mara moja au mbili kwa mwaka, na kutoa mawe yote nje mara moja kwa mwaka. Kama ni wewe peke yako Jumamosi jioni, punguza. Kama vijana wa mtaa mzima hupitia kwako baada ya mpira, ongeza. Pua ni kipimo kizuri kuliko kalenda, ila inuse ukiwa umetoka nje kwanza. Aliyekaa ndani nusu saa hasikii harufu yoyote.

3. Nikimaliza kuoga mvuke, nifanye nini kabla ya kwenda kulala?

Hili natamani lingekuwa la kwanza kuulizwa, lakini huja la mwisho, kuvu ikishaota. Sauna nyingi ninazoitwa kuzifufua zimeozeshwa na unyevu uliofungiwa ndani baada ya watu kutoka.

Wa mwisho kutoka ndiye mwenye kazi. Futa mabenchi kwa kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu, kabla jasho halijakauka. Inua chaga za sakafuni uziegemeze ukutani. Fungua matundu yote mawili ya hewa, la chini karibu na jiko na la juu upande wa pili. Hakikisha hakuna taulo wala kitu kingine karibu na jiko, kisha liache likiwaka dakika 20 hivi mlango ukiwa wazi kidogo. Zima, uache mlango wazi mpaka asubuhi. Usiende kulala kabla hujazima.

Watu hulalamikia tokeni. Jiko la kilowati 6 likiwaka dakika 20 halili zaidi ya yuniti 2. Linganisha na gharama ya kung'oa ukuta wa mbao.

Nakuru mwezi wa Januari, upepo mkavu ukivuma, mbao hujikausha zenyewe hata ukiruka hizo dakika 20. Kisumu hewa ya ziwa ina unyevu wake, na Kakamega mwezi wa Aprili hata taulo halikauki kwenye kamba. Huko usiruke hatua hata moja.

4. Nitumie sabuni gani?

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja kwa ndoo ndogo ya maji ya uvuguvugu, inatosha kwa siku nyingi. Kwa harufu iliyokaa, tumia beking soda: vijiko viwili vya mezani kwa lita moja ya maji, sugua kufuata nyuzi za mbao, suuza, kausha kama ilivyo kwenye swali la 3. Jaribu kwanza chini ya benchi, kwa maana kuna mbao zinazogeuka kahawia zikiguswa na soda. Kwa kioo cha mlango na madoa meupe ya maji, siki nyeupe sehemu moja na maji sehemu nne.

Msichanganye beking soda na magadi ya kupikia mboga. Mama mmoja wa Vihiga alitumia magadi akidhani ni ndugu moja, na benchi jeupe likatoka na rangi ya chai ya rangi.

Jiki usiingize kabisa. Klorini huzama ndani ya mbao, na ukiwasha jiko unaivuta puani. Pia hula vyuma vya jiko. Na anayechanganya jiki na siki, au jiki na dawa ya choo, anatengeneza gesi ya sumu ndani ya chumba kidogo kisicho na dirisha.

5. Nina chumba cha mvuke cha vigae, si sauna. Majibu haya yananihusu?

Nusu yake. Chumba cha mvuke hukaa nyuzi 40 hadi 50 na hewa iliyojaa maji, joto ambalo kuvu hailiogopi sana. Hakina mbao, kwa hiyo msasa haukuhusu. Shida yako ni mistari ya saruji kati ya vigae, na chumvi ya maji ndani ya mtambo wa kutengenezea mvuke. Soma swali la 13 kuhusu maji na la 18 kuhusu harufu ya mfereji.

## Mbao

6. Benchi limekuwa na alama nyeusi za makalio na migongo. Zinatoka?

Zinatoka, kama hazijafikia mwaka wa tano bila kuguswa. Kwanza ujue doa ni la nini. Doa la jasho lina ukingo laini na rangi ya kijivu. Doa la mafuta ya kujipaka linang'aa ukiinamisha tochi, na maji ukidondosha hukaa juu yake kama shanga. Sisi watu wa kupaka mafuta kila asubuhi tunaacha alama hii kuliko Wafini, watu wa Finland wenye sauna yao. Oga kwa sabuni kabla ya kuingia, halafu kalia taulo. Nusu ya kazi yangu ingeisha hapo.

La mafuta lianze na sabuni ya vyombo na maji ya moto, mara mbili, likauke siku nzima. Ukilipiga msasa likiwa bado na mafuta, msasa unaziba na doa linasambaa. Kisha chukua msasa namba 120, uzungushie kipande cha ubao, usugue kwa kufuata nyuzi. Usizungushe mkono kama anayeosha sufuria. Utaona kwanza unga wa kijivu, halafu unga wa rangi ya krimu: mbao mpya ndiyo hiyo, simama hapo. Maliza kwa namba 180, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, washa jiko likaushe.

Usitumie ule waya wa kusugulia sufuria. Hilo kosa nililifanya mwenyewe mwaka wangu wa kwanza, kwenye nyumba moja ya Milimani, Nakuru. Benchi lilitoka safi kabisa Ijumaa. Jumatatu mwenyewe akanipigia: "Fundi, njoo uone upele." Vipande vidogo vya chuma vilikuwa vimebaki ndani ya mbao, vikapata unyevu, vikaota kutu na kuacha vidoa vyeusi mamia kwa mamia. Nilirudi kupiga msasa benchi lote bila malipo.

7. Naweza kupaka vanishi ili mbao zisiloe?

Hapana. Vanishi na rangi hutengenezwa kwa fanicha ya sebuleni. Zikipigwa nyuzi 80 hulainika, hunuka na hushika ngozi, na mbao hushindwa kupumua ikaanza kuoza kwa ndani. Niliwahi kukwangua sauna nzima kule Riat, juu ya Kisumu, ambayo mwenyewe aliipaka vanishi ya milango. Siku ya kwanza kuwasha, mgeni wake aliinuka na kuacha nyuzi za taulo zimegandamana na benchi.

Ukitaka kinga, kuna mafuta maalumu ya parafini kwa mabenchi ya sauna. Hayana rangi wala harufu, hupakwa kidogo kwa kitambaa mbao ikiwa safi na kavu, na yanayobaki juu hufutwa. Hayo si mafuta ya taa. Nasema hivyo kwa sababu nimeshaulizwa.

8. Mbao mbili zimepasuka. Nibadilishe kwa mbao gani za hapa kwetu?

Saipresi iliyokauka vizuri ndiyo chaguo langu la kwanza. Viwanda vya mbao vya Elburgon vinayo tele. Chagua isiyo na vifundo, hasa kwa mahali pa kukalia, kwa maana kifundo hushika joto kuliko mbao inayokizunguka na hutoa utomvu. Paini ina utomvu zaidi. Niliwahi kukaa chini ya ubao wa paini uliokuwa ukidondosha matone ya moto kama nta. Mtarakwa ni mzuri kwa kuta na harufu yake haina mfano, lakini nunua kwa muuzaji mwenye kibali. Mkaratusi hupinda na kupasuka. Mvule ni mbao ya heshima, ila ni nzito, na mbao nzito hushika joto likachoma mapaja. Vumbi lake pia huwasha koo wakati wa kupasua. Wanaojenga sauna Ulaya hupenda abachi, mti wa Afrika Magharibi, kwa sababu hiyo hiyo ya wepesi.

Misumari iwe ya chuma kisichoshika kutu, na ipigwe kutoka chini ya benchi. Kichwa cha msumari kinachochungulia juu kwenye joto la nyuzi 80 utakumbuka ulipokikalia.

9. Nimeona unga mwembamba sakafuni na vitundu kwenye mbao. Ni mchwa?

Unga mwembamba na vitundu vya mviringo kama vya sindano ni kazi ya dumuzi. Mchwa haachi unga. Anaacha njia za udongo, na akiingia mbao hubaki ganda tu. Bonyeza kwa kidole.

Dumuzi humalizwa na joto lenyewe. Kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia mizigo inataka kiini cha ubao kifike nyuzi 56 kwa dakika 30, na sauna inayowashwa kwa ukamilifu saa mbili hufikisha hapo mbao nyembamba za juu. Za chini hazifiki, kwa hiyo zing'oe uziweke benchi la juu. Wakati wa kuzioka hivyo usiende sokoni. Kaa karibu, na usiziegemeze kwenye jiko.

Mchwa anatoka ardhini, na dawa yake iwekwe ardhini, nje, kuzunguka msingi. Usinyunyize dawa ya wadudu ndani ya sauna hata kidogo. Joto litaigeuza moshi na wewe uko ndani umevuta pumzi kwa kina.

10. Kuna kuvu nyeusi kwenye kona za chini.

Pulizia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa, subiri dakika 10, sugua kwa brashi, futa, kausha. Rudia kesho yake. Itafifisha na rangi pia.

Ikirudi ndani ya mwezi mmoja, acha kusugua na utafute maji yanatoka wapi. Mara nyingi tundu la hewa la chini limezibwa na viatu au ndoo. Mara nyingine tatizo liko nyuma ya mbao: karatasi ya foili iliyotobolewa na fundi, mvuke unapita na kuloweka ukuta. Gonga kwa kifundo cha kidole. Ukuta mkavu unalia, uliolowa unanyamaza.

## Jiko, mawe na stima

11. Mawe ya kununua ni ghali. Naweza kuokota ya hapa?

Najua yamejaa kila mahali, bure. Tuyapitie moja moja.

Mawe ya mtoni, ya Nzoia, Yala au Sondu, yamelala majini miaka mingi na mengine yana maji kwenye nyufa usizoziona. Maji hayo yakigeuka mvuke ndani ya jiwe, jiwe hupasuka kwa kishindo, na wewe umekaa mbele yake bila nguo. Mawe mepesi ya Menengai yenye matundu kama mkate hayashiki joto na humeng'enyeka. Kioo cheusi cha Bonde la Ufa, kama kile cha Eburru, ni kizuri kwa macho, lakini ni kioo: hukimwagii maji kikiwa moto ukabaki salama.

Itale ya Maseno na Seme inaonekana ngumu, na ni ngumu, ila ndani yake kuna madini ya kwatzi ambayo hubadilika na kuvimba ghafla ikifika nyuzi 573. Jiwe lililogusa elementi, ile fimbo ya chuma ya jiko inayotoa joto, ikiwa imewaka nyekundu linaweza kufika huko. Litapasuka polepole, kisha litakuwa changarawe inayoziba jiko. Na tafadhali, usiende kuvunja kipande cha yale majabali ya Kit Mikayi; pale watu wanasali.

Jiwe la Tabaka, la Kisii, huulizwa sana kwa sababu linachongeka na linaonekana kuvumilia. Vipande vinavyouzwa huko vimechaguliwa kwa ajili ya vinyago na vikombe. Kumwagiwa maji vikiwa vya moto ni kazi nyingine. Sijaviweka jikoni kwa mtu na sitaviweka.

Nunua mawe ya sauna yenyewe, ya olivini, ya kipenyo cha sentimita 5 hadi 10. Yaoshe kwa brashi na maji kabla ya kuyaweka, na mara ya kwanza washa jiko bila mtu ndani, mlango wazi, mpaka harufu ya vumbi iishe.

12. Kutoa mawe na kuyapanga upya kunafanywaje?

Zima stima kwenye swichi kuu ya jiko na usubiri lipoe kabisa. Mimi huja asubuhi, lililowaka jana jioni. Tandika gunia sakafuni. Toa mawe kwa mkono, tabaka kwa tabaka, na ukiyatoa yapange kwenye gunia kama yalivyokaa, ya juu mbali, ya chini karibu.

Kila jiwe lishike, lifinye, ligonge na mwenzake. Lililo zima lina mlio. Lililochoka linatoa sauti bubu, na mengine huvunjika mkononi kama mandazi ya juzi. Hayo tupa. Chini ya jiko utakuta unga na vipande. Vuta kwa mashine ya kufyonza vumbi au fagia kwa brashi ya rangi. Unga huo ndio unaozuia hewa kupita na kufanya elementi ziungue kabla ya wakati wake.

Kurudisha, makubwa chini, madogo juu. Yasikazwe kati ya elementi, maana elementi hutanuka ikipata moto na ikibanwa itapinda. Acha nafasi za hewa, lakini elementi isionekane ukichungulia kutoka juu. Kwa matumizi ya nyumbani, seti moja ya mawe hukaa miaka miwili hivi. Anayewasha kila siku asingoje hata mwaka.

13. Nimwage maji gani? Ya kisima chetu yanaacha ukoko mweupe.

Ya mvua. Ukiwa na paa la mabati na tangi, una maji bora kuliko yote kwa kazi hii. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite kwanza ioshe vumbi.

Visima vingi vya Nakuru vina floridi na chumvi nyingi, ndiyo maana wazaliwa wengi wa hapa tuna meno ya kahawia. Maji yakigeuka mvuke, madini hayo hubaki kwenye mawe, kwa hiyo hofu isiwe ya kuvuta mvuke. Hofu ni ule ukoko, ambao hufunika mawe na kula chuma. Ukoko wa mwili wa jiko ufute kwa ndimu au siki jiko likiwa baridi. Wa mawe, yasugue siku ya kuyatoa.

Maji ya kidimbwi cha kuogelea yana klorini, usiyatumie. Ya ziwa pia yaache ziwani.

Mafuta ya mkaratusi yasimwagwe moja kwa moja kwenye mawe, yanawaka. Matone matatu kwenye ndoo yanatosha. Anayening'iniza matawi ya mkaratusi juu ya jiko aache mchezo huo. Majani makavu hudondoka.

14. Jiko likiwaka tu, breka inakata.

Kama halijawashwa miezi kadhaa, huenda ni unyevu tu. Ndani ya elementi kuna unga mweupe unaotenga waya na ganda la chuma, na unga huo hunyonya unyevu wa hewa. Kisumu naliona hili zaidi kuliko Nakuru. Ita fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, apime, na akithibitisha ni unyevu, anajua namna ya kuikausha elementi kwa usalama. Usibadilishe breka kubwa ili "ivumilie". Breka inafanya kazi yake.

Sababu nyingine ninayoikuta ni kijakazi au kijana wa kazi aliyeambiwa aoshe sauna, akaiosha kwa mpira wa maji, jiko na vyote. Si kosa lake, hakuna aliyemwonyesha. Jiko hufutwa kwa kitambaa.

15. Stima ikipotea katikati, na kukiwa na radi?

Ikipotea, zungusha swichi ya jiko irudi sifuri. Inaporudi huja na kishindo, na inaweza kurudi saa tisa usiku kukiwa na taulo juu ya mawe. Kwa radi, zima swichi kuu ya jiko kabla mawingu hayajafika. Watu wa Kisii na Kakamega hawahitaji kuambiwa radi za kwao.

16. Stima ikipotea, naweza kuingiza jiko la makaa nimalizie?

Usifanye hivyo. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na sauna ni chumba kidogo kilichozibwa makusudi. Utahisi usingizi na kudhani ni raha ya joto. Toka nje, jifunike, unywe chai.

17. Yangu ni ya kuni. Kuna tofauti gani ya matunzo?

Jivu lizolewe kila mara kabla ya kuwasha, likiwa baridi, kwa ndoo ya bati. Bomba la moshi lisuguliwe ndani mara moja kwa mwaka, mara mbili ukichoma kuni mbichi, kwa maana masizi yenye lami ndiyo yanayoshika moto ndani ya bomba. Kioo cha mlango wa jiko kikiwa cheusi kila mara, kuni zako hazijakauka. Mawe fuata swali la 12.

## Sakafu, mlango na vidude vingine

18. Nimesafisha kila kitu lakini kuna harufu ya choo.

Ni mfereji wa sakafuni. Chini yake kuna kipinda kinachoshika maji ili gesi za bomba zisipande, na joto la sauna hukausha maji hayo. Mimina kikombe cha maji, kisha kijiko cha mafuta ya kupikia; mafuta huelea na kuchelewesha kukauka. Nimelipwa nauli ya Nakuru hadi Kisumu kwa kazi hii ya dakika moja, na nimeona haya kuichukua.

19. Mlango unakwama wakati wa mvua.

Mbao zimefura. Subiri siku tatu kavu kabla ya kupiga randa, la sivyo ukikauka utabaki na pengo. Mlango wa sauna ufunguke kwa nje na usiwe na kitasa cha kufunga. Kama wako una komeo, liondoe leo.

20. Kipima joto changu kinadanganya?

Linganisha na kile cha jikoni cha kuchoma nyama. Lakini ukikijaribu hicho kwenye maji yanayochemka, kumbuka uko wapi: Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94, na Kisumu kwenye 96. Watu wametupa vipima joto vizima kwa sababu havikuonyesha 100.

21. Ndoo ya mbao inavuja.

Imekauka. Ijaze maji usiku kucha, itajiziba. Baada ya hapo ipindue kivulini, isianikwe juani.

## Hali zisizo za kila siku

22. Ninakodisha nyumba kwa wageni wa wikendi. Nibadilishe nini?

Ratiba. Kila mgeni akiondoka, mabenchi yasuguliwe kwa sabuni (swali la 4) na yakaushwe, hata kama amekaa usiku mmoja. Weka taulo za kukalia, mbili kwa kila mtu, na karatasi fupi ukutani nje ya mlango: oga kwanza, kalia taulo, usimwage kingine ila maji. Nimekuta asali, kahawa ya kusugua ngozi, na siku moja bia. Bia hunukia mkate kwa dakika tano, kisha sukari huungua kwenye mawe na harufu hukaa wiki.

23. Tunakwenda mashambani Desemba nzima.

Safisha, kausha mara mbili, zima swichi kuu, ondoa taulo na ndoo, matundu na mlango viachwe wazi. Mkirudi, kabla ya kuwasha angalia kama panya hawajajenga kati ya mawe. Sitanii. Mfereji nao utakuwa umekauka, nenda swali la 18.

24. Wadudu wa ziwa hujaa ndani.

Walio Dunga na Milimani ya Kisumu wanawajua: hutoka ziwani kama wingu la moshi na hufuata taa. Weka wavu wa mbu kwenye matundu ya hewa kwa upande wa nje, na zima taa unapokausha mlango ukiwa wazi. Wakishaingia, wafagie wakiwa wakavu. Ukiwafuta kwa kitambaa chenye maji watasagika na kuacha doa la kijani.

25. Mtoto ametapika kwenye benchi.

Zima jiko, mtoe mtoto nje apoe na anywe maji polepole. Huyo ndiye wa kwanza. Benchi lisubiri lipoe. Okota, osha kwa sabuni, nyunyizia beking soda kavu usiku kucha, asubuhi ifagie, kisha peroksaidi kama kwenye swali la 10. Vua mbao hiyo uoshe na chini yake, maana hupenya kwenye nafasi na utaishi na harufu bila kuiona.

26. Wakati wa mvua naweza kuanika nguo humo?

Jiko likiwa limezimwa na limepoa, anika. Likiwaka, hapana, hata soksi moja, hata kwa dakika tano unapoenda kuangalia sufuria.